Kimya Kingi kina Mshindo: Safari ya Kimelea cha Malaria kutoka kwa Mbu hadi Damu ya Mamalia

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkubwa. Methali hiyo hutolewa aghalabu kuhusu mienendo ya watu, lakini inauafiki vilevile ugonjwa wa malaria. Mtu anayeumwa na mbu mwenye vimelea hahisi lolote zaidi ya mwasho wa kawaida. Kesho yake huamka mzima, akaenda shambani au kazini, akala na kulala vizuri. Kwa malaria inayosababishwa na Plasmodium falciparum, kimelea kinachoongoza kwa vifo barani Afrika na kilichoenea zaidi nchini Kenya, dalili huanza kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 15 baada ya kuumwa. Swali la msingi basi ni hili: katika siku hizo zote kimelea huwa wapi, na huwa kinafanya nini?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Kwanza, yanaeleza jinsi wanasayansi walivyopotea njia kwa zaidi ya miaka 40, na mchango wa tumbili na kima wa Kenya katika kuwarejesha njiani. Pili, yanafuata hatua za ukuaji wa kimelea kutoka ngozini, katika ini, hadi damuni. Tatu, yanagusia utafiti unaofanywa mtaani Karen, Nairobi. Mwisho, yanajadili manufaa ya maarifa haya pamoja na istilahi zake katika Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba siku za kimya ndizo siku ambazo vimelea ni vichache kuliko wakati mwingine wowote, na kwa sababu hiyo ndizo zenye nafasi bora ya kinga.

Kitendawili cha siku zilizopotea

Mnamo mwaka 1880, Alphonse Laveran, daktari Mfaransa aliyekuwa akihudumu Algeria, aliona vimelea hai katika damu ya mgonjwa wa malaria. Mwaka 1897, Ronald Ross aliyekuwa India alivikuta katika ukuta wa tumbo la mbu, na mwaka uliofuata akaonyesha, kwa kutumia malaria ya ndege, kwamba vimelea huishia katika tezi za mate za mdudu huyo. Pengo moja likabaki: ni nini hutokea kati ya mate ya mbu na damu ya mgonjwa?

Mwaka 1903, mwanasayansi Mjerumani Fritz Schaudinn alidai kuwa ameshuhudia kwa darubini vimelea vilivyotoka kwa mbu vikipenya moja kwa moja katika seli nyekundu za damu. Kwa kuwa Schaudinn alikuwa mtaalamu mwenye kuheshimika, neno lake lilichukuliwa kuwa la mwisho na likaingia vitabuni. Hata hivyo, hakuna mtu mwingine aliyeweza kuona alichokiona.

Polepole ushahidi wa kumpinga ulianza kujikusanya. Katika miaka ya 1920, madaktari wa Ulaya waliwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa wa akili walioathiriwa na kaswende, kwa kuwa homa kali ilionekana kuwasaidia. Ikabainika kwamba mgonjwa aliyedungwa damu yenye vimelea alitibika kwa urahisi kwa kwinini, ilhali aliyeumwa na mbu hakukingwa na dawa hiyo hata akiimeza kabla ya kuumwa. Iwapo vimelea vya mbu viliingia damuni moja kwa moja, tofauti hiyo ilitoka wapi?

Jaribio lililotia mkazo zaidi lilifanyika Cairns, Australia, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, chini ya daktari Neil Hamilton Fairley. Wanajeshi waliojitolea waliumwa na mbu, kisha damu yao ikatolewa kwa vipindi mbalimbali na kudungwa watu wengine waliojitolea. Damu iliyotolewa katika nusu saa ya kwanza hivi iliambukiza. Baada ya hapo damu ilikuwa safi kabisa kwa siku kadhaa: hadi takriban siku ya 6 kwa Plasmodium falciparum na ya 8 kwa Plasmodium vivax. Kwa maneno mengine, vimelea viliingia damuni, vikatoweka, kisha vikarejea. Lazima vilikuwa vimejificha mahali fulani mwilini.

Fununu kutoka kwa tumbili wa Kenya

Miongoni mwa waliokuwa wakitafuta maficho hayo alikuwa Cyril Garnham, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya kuanzia mwaka 1925 hadi 1947. Garnham alivutiwa na kimelea cha tumbili ambacho Laveran alikuwa amekipa jina la kumkumbuka Robert Koch, mtaalamu aliyechunguza malaria Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Wakati huo kiliitwa Plasmodium kochi. Leo kinajulikana kama Hepatocystis kochi.

Kimelea hicho kilikuwa na ajabu yake. Katika damu ya tumbili, vilionekana vimelea vya kiume na vya kike tu, tayari kunyonywa na mdudu. Hakuna hata kimoja kilichoonekana kikigawanyika. Kwa kuwa havikuzaliana damuni, ilibidi viwe vimetoka kwingine. Garnham alipochunguza viungo vya ndani, alikuta juu ya ini vifuko vidogo vinavyoonekana kwa macho bila msaada wa darubini, vimejaa maelfu ya vimelea vichanga. Taarifa yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1947. (Baadaye, mwaka 1961, Garnham na wenzake walieleza kwamba anayesambaza kimelea hiki si mbu bali yamkini ni aina ya usubi.)

Ugunduzi huo ulielekeza macho ya watafiti kwenye ini. Mwaka huohuo Garnham alihamia London, akaungana na Henry Shortt. Wawili hao walimwacha kima wa Asia aumwe na mbu wapatao 500 wenye Plasmodium cynomolgi, kimelea kilicho jamaa wa karibu wa kile cha binadamu. Baada ya siku 7 walipasua ini na kuvikuta vimelea vikikua ndani ya seli zake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948. Katika mwaka huohuo hatua hiyo ilithibitishwa kwa Plasmodium vivax katika ini la binadamu aliyejitolea, na mwaka 1949 ikaonekana kwa Plasmodium falciparum. Kitendawili kikawa kimeteguliwa, na dai la Schaudinn likafutwa.

Hatua ya kwanza: ngozini

Mbu jike wa Anofelesi hachomi sindano yake ndani ya mshipa mara moja. Hupapasa kwanza ndani ya ngozi akitafuta damu, huku akitema mate yanayozuia damu isigande. Mate hayo ndiyo yanayobeba vimelea vya umbo la uzi, viitwavyo sporozoiti. Kila mmoja una urefu wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Tezi za mbu zinaweza kuwa na maelfu ya sporozoiti, lakini zinazoachwa ngozini kwa mdomo mmoja wa mbu kwa kawaida hazifiki 100.

Sporozoiti huteleza kati ya seli za ngozi kwa mwendo wa mikromita 1 hadi 2 kwa sekunde, zikitafuta mshipa mdogo wa damu. Si zote zinazofaulu. Nyingine hukwama ngozini na kufa. Nyingine hupotelea katika mkondo wa limfu, ambako askari wa mwili huzikamata. Zile zinazoingia mshipani husombwa na damu na kufika katika ini baada ya dakika chache.

Hatua ya pili: katika ini

Sporozoiti hutambua ini kwa njia ya kikemia. Protini iliyofunika mwili wake hushikana na aina ya sukari iliyo kwa wingi juu ya seli za kiungo hicho. Ikishatua, hupenya ukuta wa mishipa midogo, mara nyingi kwa kupitia ndani ya seli za ulinzi zilizowekwa pale kuzuia wavamizi. Kisha hutoboa na kupita seli kadhaa za ini bila kukaa, hadi inapochagua moja ya kuishi. Humo hujitengenezea kifuko, na kuanza kubadilika.

Uzi hugeuka kuwa duara. Duara hukua, na kiini chake hugawanyika tena na tena bila mwili wenyewe kukatika. Kwa Plasmodium falciparum kazi hii huchukua siku 5 na nusu hadi 7. Mwisho wake, sporozoiti moja huwa imezaa makumi ya maelfu ya vimelea vipya vya mviringo, viitwavyo merozoiti. Makadirio ya kawaida ni takriban 30,000. Ni vigumu kupata uzazi wa kasi kama huo kwa kiumbe kilicho ndani ya seli moja.

Je, kwa nini mgonjwa hahisi kitu? Sababu ni ya kihesabu. Ini lina mabilioni ya seli, na zilizovamiwa huenda hazizidi makumi. Kiungo huendelea na kazi zake kana kwamba hakuna mgeni. Aidha, seli iliyovamiwa hailipuki ovyo. Utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba merozoiti hutoka zikiwa zimefungwa katika vifuko vilivyovikwa utando wa seli ileile ya ini, na hivyo kupita mbele ya askari wa mwili bila kutambuliwa. Kimelea kilichotumika katika utafiti huo, Plasmodium berghei, nacho kina asili ya ukanda huu: kiligunduliwa mwaka 1948 na Ignace Vincke na Marcel Lips katika panya wa msituni huko Katanga, Kongo.

Hata hivyo, si vimelea vyote vinavyotoka kwa wakati mmoja. Kwa Plasmodium vivax na Plasmodium ovale, baadhi ya sporozoiti zikifika katika ini hulala. Vimelea hivyo vilivyolala, viitwavyo hipnozoiti, vilibainishwa waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kundi la watafiti lililomjumuisha Garnham, akiwa mzee wa takriban miaka 80. Vinaweza kuamka baada ya miezi au hata miaka, na kumrudishia mtu homa aliyodhani alishaponywa. Dawa zinazoua vimelea vya damuni haziviui. Huhitajika dawa nyingine, kama vile primakwini, ambayo nayo haipewi mtu kabla ya kuhakikisha kuwa damu yake inaihimili.

Hatua ya tatu: damuni

Merozoiti inapoachiliwa damuni huwa na muda mfupi mno wa kuishi nje. Katika dakika chache lazima ijishike kwenye seli nyekundu, ijigeuze na kuingia. Humo hula himoglobini, hukua, hugawanyika, na baada ya takriban saa 48 kwa Plasmodium falciparum hupasua seli na kutoa merozoiti nyingine, kwa wastani zaidi ya 10. Kila moja hutafuta seli yake. Kupasuka huko ndiko kunakoleta homa, baridi na kutetemeka. Vilevile, seli zilizovamiwa hunata kwenye kuta za mishipa midogo, na zikinata katika ubongo mgonjwa huweza kupoteza fahamu na kufa.

Hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini ugonjwa huchelewa kuonekana hata baada ya vimelea kutoka katika ini. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, yaani maikrolita 5,000,000. Seli moja ya ini ikitoa merozoiti 30,000, kila maikrolita huwa na wastani wa vimelea 0.006. Ili kuviona kwa uhakika chini ya darubini, mtaalamu wa maabara huhitaji takriban vimelea 50 kwa maikrolita. Ikichukuliwa kuwa idadi huongezeka mara 10 kila siku 2, itafika 0.06 siku ya 2, 0.6 siku ya 4, 6 siku ya 6, na 60 siku ya 8. Ukijumlisha wiki moja ya ini, unapata takriban siku 15 tangu kuumwa. Seli kadhaa za ini zikiwa zimevamiwa, muda huo hupungua.

Baadhi ya vimelea vya damuni havigawanyiki tena, bali hugeuka kuwa gametositi, yaani vimelea vya kiume na vya kike. Kwa Plasmodium falciparum hukomaa kwa siku 10 hadi 12, vikisubiri mbu mwingine aje kunyonya. Hapo mzunguko huanza upya.

Karen na somo la nyani

Katika msitu wa Oloolua, mtaani Karen, ipo taasisi ya kitaifa inayochunguza wanyama wa jamii ya nyani, ijulikanayo kwa kifupi kama KIPRE. Chimbuko lake ni kituo kilichoanzishwa na Louis Leakey huko Tigoni, Limuru, takriban mwaka 1960, na kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wakazi wa Karen huwajua kima kama wezi wa matunda. Kwa watafiti, wao na nyani ni jamaa wa karibu ambao miili yao hufanana na ya binadamu katika mengi.

Mwaka 2003, Hastings Ozwara na wenzake walichapisha utafiti ambapo nyani (Papio anubis) waliambukizwa Plasmodium knowlesi, kimelea cha kima wa Asia. Baadhi ya nyani walipata malaria kali iliyohusisha viungo vingi, ukiwemo ubongo, na hivyo kutoa njia ya kuchunguza hali ambayo haiwezi kuchunguzwa kwa kina kwa mtoto anayekata roho wodini. Ni muhimu kutambua kwamba katika utafiti huo wanyama walidungwa vimelea vya damuni. Hatua ya ini ilirukwa, kama ilivyorukwa kwa wagonjwa wa miaka ya 1920 waliodungwa damu. Njia ya kuingia huamua ni swali lipi linaweza kujibiwa: anayetaka kujua jinsi malaria inavyoua anaweza kuanzia damuni, lakini anayetaka kujua jinsi ya kuizuia isianze hana budi kuanzia kwa sporozoiti. Kwa lengo hilo, watu wazima wa Kenya walijitolea kudungwa sporozoiti jijini Nairobi chini ya uangalizi wa madaktari, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014.

Manufaa ya maarifa haya

Manufaa ya kwanza ni chanjo. Chanjo ya RTS,S, ambayo majaribio yake ya utoaji yalizinduliwa magharibi mwa Kenya mwezi Septemba 2019 na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, huufunza mwili kuitambua protini inayofunika sporozoiti. Chanjo ya R21, iliyopendekezwa mwaka 2023, hulenga protini hiyohiyo. Wazo ni kuzikamata sporozoiti zikiwa chache, kabla hazijafika katika ini. Hapo pia ndipo ugumu wake ulipo. Kingamwili zikizuia 99 kati ya 100, ile moja iliyoponyoka inatosha kuzaa 30,000. Ndiyo maana chanjo hizi hupunguza ugonjwa bila kuumaliza, na chandarua kinabaki kuwa cha lazima.

Manufaa ya pili yanamhusu msafiri. Mkazi wa Nairobi anayekwenda Homa Bay au Kwale kwa mapumziko ya siku 5 anaweza kurudi nyumbani akiwa buheri wa afya, huku vimelea vikiwa bado katika ini. Kipimo cha damu siku hiyo hakitaonyesha kitu, na jibu hilo halimaanishi kuwa hana malaria. Homa ikianza wiki moja au mbili baadaye katika mtaa wenye mbu wachache, ni rahisi kuidhania mafua. Hivyo basi, mgonjwa anapaswa kumweleza daktari alikokuwa, na kupimwa tena homa isipokoma.

Vilevile, maarifa haya yanafafanua masharti ya dawa za kinga ambayo wengi huyaona kama usumbufu. Doksisaiklini na meflokwini huendelea kumezwa kwa wiki 4 baada ya kurejea, kwa kuwa hutegemewa kuua vimelea vinapotoka katika ini na kuingia damuni. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili hukomeshwa baada ya siku 7, kwa kuwa huvishambulia vimelea vikiwa bado katika ini.

Istilahi

Lugha ya Kiswahili ina hazina ya kutosha ya kueleza mambo haya. Neno kimelea linatokana na kitenzi melea, yaani kumea juu ya kitu kingine. Maana yake ya kisayansi imo ndani ya mnyambuliko wenyewe. Muda kati ya kuambukizwa na kuugua huitwa kipindi cha kuatamia, istilahi inayoleta picha ya kuku juu ya mayai yake, na picha hiyo inaafiki vyema kazi ya ini. Kwa majina ya hatua za kimelea, maneno ya kutoholewa yafuatayo yanafaa, mradi kila moja lifafanuliwe linapotajwa mara ya kwanza:

Sporozoiti: kimelea cha umbo la uzi kinachotoka katika mate ya mbu.
Merozoiti: kimelea cha mviringo kinachovamia seli nyekundu za damu.
Hipnozoiti: kimelea kilicholala katika ini.
Gametositi: kimelea cha kiume au cha kike kinachosubiri kunyonywa na mbu.

Hitimisho

Imebainika kwamba mamalia aliyeumwa na mbu haugui mara moja kwa sababu kimelea hupitia kwanza hatua ya ini, ambako huongezeka mara maelfu bila kuleta dalili. Imebainika pia kwamba ukweli huu ulifichwa kwa miongo minne na dai la mtu mmoja lililokubaliwa bila kurudiwa, na kwamba ulianza kufichuka pale daktari mmoja nchini Kenya alipochunguza kwa makini ini la tumbili. Mwenye kuzifahamu siku hizo za kimya ataelewa kwa nini chanjo, chandarua na dawa za kinga hutangulia homa, na kwa nini kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi jaribio la Cairns lilivyoonyesha kuwa vimelea hujificha nje ya damu.
2. Kwa nini vimelea vya Hepatocystis kochi vilitoa fununu ambayo vimelea vya binadamu havikuitoa kwa urahisi?
3. Mtu amerudi Nairobi kutoka Kisumu siku 3 zilizopita na kipimo chake hakionyeshi malaria. Mshauri, ukitumia hesabu iliyotolewa katika makala.
4. Jadili: je, sporozoiti iendelee kutoholewa, au ipatiwe jina lenye asili ya Kiswahili kama ilivyo kwa kimelea?